Amri za Mwalimu Mokaya

Mwalimu Mokaya alitufundisha Kiingereza hapa Rangwe kwa kutuchosha miguu. Sentensi ya amri, alisema, haikai kichwani mpaka mwili uitii. "Stand up!" tunasimama. "Sit down!" tunakaa. "Open the window!" na darasa zima linakimbilia dirisha moja lenye bawaba mbovu. Ukifanya vizuri alikupa sentensi ya mshangao: "What a clever girl!" Kwa sifa hiyo ya kuitwa msichana mwerevu ungetembea kichwa juu wiki nzima. Mimi nilipewa mara mbili katika miaka mitatu, na ya pili nadhani alinifananisha na Roselyn, mwenzangu wa darasani. Bado nazikumbuka zote mbili.

Alikuwa ametoka Kisii akiwa kijana, akamwoa Bosibori, akamleta hapa, naye akawa anauza ndizi sokoni. Bosibori, au Mama Jeff kama tunavyomwita, hakusoma. Kila alipomwomba mumewe amfundishe Kiingereza, alijibiwa kwamba ndizi haziongei Kiingereza. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, na leo naona haya.

Mwaka jana kiharusi kilimwangusha Mwalimu uani. Hospitalini Homa Bay walieleza kwamba sehemu ya ubongo inayoshika maneno imeharibika, ila yale ambayo mtu ameyarudia maisha yake yote huenda yakabaki. Kikisii cha mama yake kilikwenda, Kiswahili kikaenda, jina la mkewe likaenda. Zikabaki amri za darasani.

Alipoletwa nyumbani, Bosibori akaniita, maana mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza sasa. Nilimkuta amesimama kando ya kitanda.

"Akisema 'standapu' nasimama," aliniambia. "Akisema 'sitidauni' nakaa. Hii ingine ndiyo sijui. Tangu juzi analia nayo."

"Open the window!" Mwalimu akapaza sauti, machozi yakimtiririka.

"Anasema ufungue dirisha, Mama Jeff."

"Si hilo hapo liko wazi, Edith!"

Lilikuwa wazi kweli. Tukalifunga, tukalifungua. Tukampa maji, akayatema. Tukamgeuza ubavu, tukamfunika, tukamfunua, tukamwonyesha picha ya mwanawe Jeff aliye Nairobi. Kila tulipojaribu alitutazama kwa hamu, kisha akafumba macho na kuanza upya: "Open the window!" Kulikuwa na kitu alichokitaka, na njia ya kukitoa ilikuwa hiyo moja tu. Diploma yangu haikunisaidia lolote. Nilikasirika. Nilikikasirikia kiharusi, na hata yeye nilimkasirikia, aliyefundisha watoto wa kata nzima akamruka mkewe. Najua maji yakimwagika hayazoleki, lakini hasira haisikii methali.

Siku ya nne Bosibori alinishika mkono.

"Nipe moja na mimi. Ya kumwamuru yeye."

"Ya kumwambia nini?"

"Asiende."

Nikampa: "Stay."

"Ni hiyo tu? Fupi hivyo?"

Akainama, akavuta pumzi, akaitoa kwa nguvu kama mtoto wa darasa la nne: "Stei!"

Mwalimu akaacha kulia. Akamtazama. "What a clever girl!" akasema, waziwazi, kama zamani.

"Amesemaje? Amekubali?"

Nilijua pengine ni mazoea tu ya ulimi. Nilijua pia kwamba huyu mama alikuwa amengoja sifa hiyo miaka arobaini. Ningemweleza maneno yale yalivyo, lakini macho yake yalikuwa yanataka jibu moja tu.

"Amekubali, Mama Jeff."

Akacheka, akajifuta uso kwa leso, akaenda kukoroga uji huku akiimba wimbo wa kanisani.

Mwalimu alifariki Ijumaa ya wiki ile ile, kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Nilipofika, Bosibori alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda. Hakuwa akilia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini:

"Edith, si ulisema alikubali?"