Jinsi Nilivyozipunguza Biti 64 Zikawa 8

Nimechoka kueleza biti ni nini. Nimeeleza kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa Kifaransa, kwa watu waliotaka kuelewa na kwa watu waliokuja kukimbia jua tu. Mtaani kwetu Tshopo hakuna mwingine anayeweza kulieleza jambo hilo, na sidhani kama Kisangani nzima tunafika wengi. Nasema hivyo bila haya. Diploma yangu ya elektroniki niliipata Ubelgiji, nikisoma jioni baada ya kuosha masufuria ya watu mchana kutwa. Sikuwa na mjomba waziri, wala padri wa kuniombea nafasi. Aliyenishika mkono ni mmoja tu, mama leki, mdogo wa mama yangu, aliyenilea kwa kuuza samaki wanaopandishwa mto kutoka Isangi na Yangambi. Mengine yote niliyafanya mwenyewe.

Nilirudi na makasha ya mashine za michezo za zamani, zile za kuchomeka kaseti ya plastiki juu. Kule watu walikuwa wakizitupa. Nilizifungua moja moja, nikazisafisha, nikabadilisha vilivyoungua, na hapa nikafungua ukumbi katika chumba cha mbele cha parseli ya mama leki, nyumba yake na ua wake. Kumbi za michezo za huku huandika biti zao ukutani kama vile nganda, baa ya mtaani, inavyoandika imepika nini leo. Nami nilimwita mchoraji akaandika 64 BITS kwa rangi nyekundu, herufi ndefu kiasi kwamba abiria wa toleka alizisoma bila baiskeli kupunguza mwendo. Haukuwa uongo. Mashine yangu moja ilikuwa na biti hizo.

Shida ni kwamba watu wanadhani biti ni nguvu. Biti ni upana. Fikiria ubao wa kushushia mizigo bandarini, kutoka chomboni hadi ukingoni. Ubao mwembamba unapitisha mbebaji mmoja mmoja, mpana unapitisha wengi bega kwa bega. Mashine ya biti 8 hupitisha namba isiyozidi 255 kwa safari moja. Ukiipa namba kubwa zaidi haishindwi, inaikata vipande na kwenda safari ya pili. Ya biti 16 inafika 65,535 kwa safari moja. Lakini ubao haukuambii wabebaji wanatembea kwa mwendo gani, wala ghala lina nafasi kiasi gani. Nimewahi kufungua mashine iliyoandikwa 16 kwenye kasha, nikakuta ubongo wake ni wa biti 8. Zile 16 zilikuwa za kipande cha kuchora picha peke yake, na ndizo walizozitangaza. Hata ile yangu ya 64, waliotunga michezo yake waliiendesha kwa 32 karibu muda wote, maana mbio za magari hazihitaji namba ndefu vile. Namba ya kwenye kasha iliandikwa na watu wa kuuza.

Haya yote niliyaeleza tena mwaka huu, katika miezi ya mvua chache, maji ya bwawa yalipopungua na umeme ukawa dhaifu.

Upande wetu wa avenue tunapata umeme kwa waya mmoja tuliouvuta wenyewe. Tulimchagua mzee mmoja kuusimamia, mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo, na sote tunamwita papa wa ligne, yaani baba wa waya. Kanuni yetu ni moja. Umeme ukidhoofika, chombo kizito kuliko vyote kinazimwa kwanza, na kisipozimwa waya wa mwenyewe unakatwa. Uzito wa chombo haupimwi na mtu yeyote. Unajulikana kwa maneno ya watu.

Taa za jirani zilipoanza kuanguka mchana, kuwa nyekundu kama kaa la moto kisha kupanda tena, papa wa ligne aliita kikao katika ua wetu. Nilijua kilichokuwa mezani. Ukumbi ule ndio kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuonyesha. Ukikatwa, ningebaki mtu aliyekwenda Ulaya akarudi kulala kwa mama leki.

"Ingénieur," papa wa ligne alianza, "ile mashine yako ya mwisho iko na biti ngapi?"

"Sitini na nne, papa. Imeandikwa ukutani."

"Bon. Na pasi ya fundi wa cherehani, iko na ngapi?"

"Pasi haina biti."

Aliwageukia watu, mikono imefunguka. "Munasikia? Pasi haina ata moja, na ikiwaka tu, lampe zinaanguka. Alors, sitini na nne itafanya nini?"

Watu waliguna. Mama anayechoma makemba, ndizi zile kubwa, mbele ya lango alipiga kofi. "Mikiliste ametuletea mudomo ya kukula courant!" Mikiliste ndivyo wanavyomwita kila aliyetoka Ulaya, hata akiwa amerudi miaka mingi iliyopita, na courant ndio umeme.

Nilisimama, nikaeleza habari ya ubao na wabebaji kwa mara nyingine. "Ubao ukiwa mpana, unakula sahani nyingi zaidi za pondu?" niliwauliza. "Ubao haukuli. Anayekula ni mbebaji."

"Lakini ubao mupana iko na babebaji mingi," alisema fundi wa cherehani, "na bote banakula."

Kicheko kilikuwa kirefu. Nilijisikia mzito, kama mtu aliyepandishwa ngazi ileile tangu asubuhi. Nikasema, basi, tuone kwa macho. Nilining'iniza balbu moja chini ya baraza, nikaleta televisheni ya zamani yenye mgongo na mashine zangu mbili. Nilichomeka ile ya biti 8. Balbu haikutikisika. Niliwasha televisheni, balbu ikapepesa kidogo tu. Nikatoa ya biti 8, nikaweka ya 64. Balbu ilibaki vilevile.

"Mumeona?" nilisema. Nilijua nimeshinda, na nilianza kukunja mikono ya shati kama profesa. Papa wa ligne mwenyewe alikuwa ameinua macho na kuanza kutikisa kichwa taratibu.

Hapo balbu ikaanguka. Ilizama hadi uzi wake ukaonekana, mwekundu.

"Sitini na nne!" mama wa makemba alipiga kelele. "Imekuwa kwanza inakunywa polepole!"

Mimi nilikuwa nimesikia kitu kingine. Nyuma ya ukuta, jikoni, mota ilikuwa imeguna na kuanza kunguruma. Ni jokofu la mama leki la kugandisha samaki. Lilikuwa pale kabla ya ukumbi, kabla sijarudi kutoka Ulaya. Kila parseli ilikuwa imewahi kuweka samaki wake humo kwa ajili ya matanga au sikukuu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyelihesabu kuwa chombo cha umeme. Lilikuwa kama kisima.

Nilimtazama mama leki. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na beseni mapajani. Naye alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa, akaanza kuokota magamba makavu kwenye ukingo wa beseni.

Neno moja kutoka kwangu, na wote wangekwenda jikoni. Ningekuwa nimethibitisha nilichosomea. Na samaki wake wangeoza katika joto lile kabla hajapata wateja wa kuwamaliza.

"Papa," nilisema, "munisikilize. Mukinipa siku ya leo, nitaipunguza biti."

Papa wa ligne alisogea karibu. "Inawezekana?"

"Kwa mutu wa diploma, inawezekana."

"Mpaka ngapi?"

"Mpaka nane."

Walinong'onezana. Nane ilionekana kuwa namba ya mtu mwenye adabu. Papa wa ligne alisema nane inakubalika, ila akiona taa inaanguka tena baada ya kesho, fundi wa umeme atapanda nguzoni kuukata waya wangu. Nilibeba mashine ndani. Niliifungua kwa bisibisi mbele ya dirisha ili wanaotaka kuona waone, nikapuliza vumbi, nikaifunga. Kisha nikapanda kiti nje na kopo la rangi, nikafuta 64 kwa mkono wangu, nikaandika 8. Hakuna kazi iliyonichosha kama brashi ile, na nimewahi kuosha masufuria ya hoteli.

Walipotawanyika, niliingia jikoni. Mpira wa mlango wa jokofu ulikuwa umepasuka upande mzima. Baridi ilikuwa ikitoka mchana kutwa, na mota haikupata nafasi ya kupumzika. Nilikata tyubu ya baiskeli ya toleka iliyochakaa, nikaikunja, nikaibandika kwa gundi kuzunguka mlango. Nyuma nilisugua vumbi na mafuta yaliyoshikamana kwenye mabomba hadi nikaona chuma. Niliishusha ile namba ya baridi, maana mama leki alikuwa ameipandisha hadi mwisho. Mlango ulipofungwa ulishika karatasi bila kuiachia. Nasema kwa fahari kwamba ni kazi safi kuliko zote nilizofanya tangu nirudi.

Kesho yake mota ilinguruma kidogo, ikanyamaza muda mrefu. Siku zilizofuata balbu za jirani zilikuwa zikipepesa tu, hazianguki. Papa wa ligne alipita kunishika mkono.

"Biti nane, courant imetulia. Ulaya si bure."

"Si bure, papa," nilisema.

Sasa wananisalimu kwa heshima. Fundi wa cherehani ameleta pasi yake niipunguze biti. Nilimwambia haina. Alitabasamu kama mtu anayejua kwamba nataka kubembelezwa, akaiacha pale mezani. Bado ipo. Wateja wa ukumbi wanauliza 64 ilikwenda wapi, kisha wanacheza mchezo uleule kwenye mashine ileile na kusema umepungua mwendo.

Jana mama leki aliniletea lituma, ndizi za kupondwa, na kichwa cha samaki, akakaa kunitazama nikila.

"Mutoto yangu, kelele ya ile siku, ni congélateur yangu?"

"Ndiyo, mama leki."

"Na ukanyamaza."

Niliendelea kutafuna.

"Siku moja batauliza na yangu iko na ngapi," alisema. "Iko na ngapi?"

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa na ubao, na wabebaji, na ghala. Niliyafikiria kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikahisi usingizi.

"Haina," nilisema.

"Ile pasi pia haina, na banaiogopa. Andika kitu."

Nilinawa mikono, nikachukua rangi nyekundu iliyobaki, nikaandika ubavuni mwa jokofu, kwa herufi nzuri: 2 BITS. Mama leki alirudi nyuma hatua kuangalia, akasema ile mbili imelala kidogo upande wa kushoto.