Matoka Kando ya Kaburi

Nyumba ilikuwa ya mbao, juu kidogo ya barabara itokayo Nyeri kwenda Mweiga, na asubuhi ukifungua mlango wa jikoni unauona mlima wote, kuanzia msitu hadi theluji. Siku ya kwanza mama yangu hakuutazama mlima. Aliinama penye mafiga, akapapasa ukuta uliokolea moshi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Hapa naweza kuzeekea."

Tangu nizaliwe tumeishi nyumba za kupanga. Kwao mama, shamba lilipogawanywa walipewa kaka zake, maana binti alitarajiwa kuolewa. Baba yangu naye hakupeleka mahari, na alipokufa kwao wakatuambia hatujulikani pale. Mama akaanza kuuza viazi Karatina. Nami nikakua nikijua kwamba ukutani hakupigwi msumari, kwa sababu ukuta ni wa mtu.

Mwaka huo mwenye nyumba wetu mjini alitangaza kwamba atabomoa vyumba vyetu ajenge ghorofa. Kila mtu alikuwa anajenga ghorofa. Lami mpya ilikuwa inakuja, watu wa Nairobi walikuwa wananunua kutoka Murang'a hadi Nanyuki, na ploti tuliyoiulizia Januari, kufikia Februari ilikuwa si ya watu kama sisi. Tulikuwa tumeizoea safari ya kurudi nyumbani bila kuongea.

Nyumba ile ya mbao ilibaki bila mnunuzi kwa sababu moja tu. Broka, dalali aliyetupeleka, alitueleza tukiwa tayari uani, huku akicheka.

"Mama, nisikufiche. Hii iko na mtu ndani. Hatoki, na kodi halipi."

Akatuonyesha pembeni, chini ya mparachichi, kaburi la mume wa mwenye ploti. Wanunuzi wengine walifika hapo wakageuza magari.

"Huyo ni jirani mzuri," mama akasema. "Hatanifungulia redio usiku."

Mjane, ajuza mwembamba aliyevaa sweta mbili, alikuwa amesimama mlangoni akasikia. Alicheka mpaka akakohoa. Watoto wake, mwana mmoja na mabinti wawili, walitaka ahamie kwa binti mkubwa, maana kifua chake hakikuipenda tena baridi ya pale.

"Wewe nitakuuzia," alimwambia mama. "Lakini usimtoe."

"Simtoi, shosho," mama akasema, akimwita bibi. "Nitampalilia."

Wakapeana mikono, tukanywa chai. Kilichobaki kilikuwa bodi ya ardhi, ambako watoto wote wangesimama na kusema wamekubali. Mvua za masika zilikuwa karibu, na mjane hakutaka udongo ukae bure. "Njoo upande," alisema. "Mvua haingoji karatasi."

Basi kila Jumapili baada ya kanisa mama alikwenda na jembe. Alipanda viazi na maharagwe. Sikuwahi kumsikia akiimba kabla ya hapo, nadhani kwa sababu vyumba vyetu vilipakana sana na vya watu. Pale aliimba. Aliyang'oa magugu kaburini, akaunyoosha msalaba uliokuwa umeinama. Kisha siku moja akaja na gunia dogo, akalimimina chini, nikaona vitu kama vitunguu vikubwa vyenye udongo. Yalikuwa matoka, yale maua ambayo wazee wetu walipanda kutenga shamba na shamba, na aliyeyang'oa alilaaniwa. Alikuwa amekwenda kuyaomba kwa kaka yake, kwenye mpaka wa shamba asilopewa.

Aliyapanda kulizunguka kaburi, pande zote nne.

"Watoto wake wajue hapa sinunui," aliniambia. "Hapa ni pao milele. Hata nikifa mimi, wewe usipaguse."

Nilimwona ni mtu mwema kupita wote. Hadi leo namwona hivyo.

Mkesha wa bodi, familia ya mjane ilikutana nasi uani. Matoka yalikuwa yamechipua, majani mabichi kama visu. Mwana wa mjane alishuka kwenye gari, akaenda moja kwa moja kwa baba yake, kama desturi yake, kisha akasimama pale muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani amempimia baba?"

"Ni mimi," mama akasema. "Nimewawekea pahali penu."

"Pahali petu? Si pote ni pake? Sasa ati amebakishiwa hapo tu, kama mtu ameomba kulala?"

"Sikuwa na nia hiyo, baba."

"Najua, mama. Najua hukuwa na nia mbaya." Akaketi kwenye ngazi, akafunika macho.

Mjane aliinuka kwa fimbo yake. Macho yake hayakuona mbali, kwa hiyo hakuwa ameyaona matoka. Alikwenda akayapapasa jani kwa jani, akalizunguka kaburi lote, upande wa chini akiwa ameegemea mti. Aliporudi alimshika mama mikono yote miwili.

"Mwanangu, umefanya vile inafaa. Lakini huyu mzee ndiye alikata msitu hapa na panga. Nimegusa mahali amebaki nayo, nikaona ni ndogo sana. Siwezi kwenda nimwache hapo."

Mama hakubishana. Alisema, "Ni sawa, shosho." Akakusanya vikombe, akaviosha, akavipanga juu ya meza isiyo yake. Viazi vyake vilikuwa vimeanza kutoa maua.

Tulihamia chumba kimoja Karatina, nyuma ya soko. Julai baridi ilimchukua mjane. Tulikwenda kumzika, akalazwa kando ya mumewe, ndani ya matoka yale yale. Lakini lami ilipofika mlangoni, watoto walishindwa kuikataa bei waliyopewa. Makaburi yote mawili yakahamishiwa kwa binti mkubwa.

Tulijua hayo siku tuliyopita pale tukitoka hospitali ya Nyeri. Palikuwa na ukuta wa mawe, na mparachichi haukuonekana. Mama aliomba gari lisimame. Kwenye mtaro, juu ya udongo uliotupwa, matoka yalikuwa yamelala mizizi juu. Akayaokota moja moja, akayafunga kwenye leso.

Nyumbani nilimwambia tuyapande uani, kando ya bomba, kuna nafasi. Akatikisa kichwa.

"Itoka likishika ardhi halihamishwi," alisema. "Na sisi bado tutahama."

Akatafuta debe tupu la rangi, akalitoboa chini kwa msumari. Kabla ya kuweka udongo alilinyanyua kwa mpini wake, akalitikisa, kuona kama litabebeka.