Kiondo cha Sista

Miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha shule ya msingi mjini Kitui, na mama yangu aliishi kijijini, akilima shamba lake bila kumsikiliza mtu yeyote. Mwaka mmoja, mvua ya vuli ikikaribia, alipanda ghalani kukagua mbegu. Ndugu yangu alikuwa amemwambia amsubiri ampandie yeye. Hakusubiri, ngazi ikateleza, akavunjika mfupa wa paja.

Hospitalini walimlaza chali, mguu umeinuliwa na kuvutwa kwa kamba yenye vizito. Daktari akatueleza kwamba mfupa ukitulia utaunga, lakini akiamka mapema huenda asitembee tena. Nilishikwa na hofu kwa sababu nilimjua mama. Siku ya tatu tu alikuwa ameshajifungua kamba, mguu usiovunjika uko sakafuni, na ndipo tulipomfahamu sista wa wodi ile.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, aliyetoka mbali huko magharibi ya nchi. Wageni wote tulimwogopa. Saa ya kuona wagonjwa ikiisha alisimama mlangoni akitazama saa yake, na hata mchungaji alifupisha maombi. Lakini ndiye aliyemgeuza mama mara kwa mara na kumsugua mgongo kwa spiriti asipate vidonda, na ndiye aliyemchana nywele. Mama alimlalamikia kutwa nzima, na siku ambayo hakuwa zamu alimuulizia kutwa nzima.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, mama alitangaza kwamba Jumamosi anakwenda nyumbani kupanda. Alikuwa ameshamwagiza ndugu yangu alete mkokoteni. Mimi nililia, maana hakuna kati yetu aliyewahi kumshinda. Sista hakubishana naye hata kidogo. Alimuuliza kama ni kweli anajua kusuka viondo, kisha akasema anataka kimoja.

Angekataaje, na mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja? Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba siku kiondo kitakapoisha ndiyo siku atakayoondoka. Sista akakubali pale pale mbele yetu, nikamwona hana akili. Nilinunua katani sokoni, na mama akawa anasokota nyuzi juu ya paja la mguu wake mzima tangu asubuhi mpaka jioni, kwa kasi ya mtu anayekimbizwa.

Baada ya wiki mbili kiondo kilikuwa kimekaribia kufika ukingoni. Sista alitia mkono ndani, akatikisa kichwa.

"Hiki ni kidogo, mama. Mimi niko na watu wengi nyumbani."

Mama akaguna, akaongeza nyuzi, akakipanua. Wiki nyingine zikapita, sista akaja tena na habari za watu wake wengi. Mvua ikanyesha, tukampandia mama shamba, na tulipomweleza tulivyopanda alisema hata kuku wangepanga mbegu vizuri zaidi. Lakini alibaki kitandani. Wagonjwa wa wodi wakawa wanabahatisha sista ana watoto wangapi. Mmoja alisema kumi na mmoja, na mama akamwonea sista huruma kabisa, akaniambia sasa anaelewa kwa nini mwanamke yule ana hasira.

Kiondo kilipofika mwisho kingeweza kumeza mbuzi. Picha ya eksirei nayo ikaonyesha mfupa umeunga. Mama akapewa magongo, akayachukia, na baada ya muda akayatupa nyuma ya jiko. Kiondo alikwenda nacho nyumbani akitie mikanda ya ngozi, kwa kuwa kwetu ni aibu kumpelekea mtu kiondo kitupu na ilibidi tungoje mavuno.

Kwa kuufikiria ukoo ule wa sista, tulikijaza ndengu, kunde na mahindi, na juu yake tukaweka kuku wawili. Mimi na ndugu yangu tulikibeba kwa kupokezana. Mama alitangulia, akichechemea kidogo tu, akitugombeza kwamba tunachelewa. Nilimtazama akitembea mbele yangu na nilifurahi hata sikuuona uzito.

Nyumba ya sista ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hospitali. Ndani mlikuwa na kitanda cha mtu mmoja, kiti kimoja, stovu na kikombe kimoja. Tulipoweka kiondo sakafuni nafasi ikaisha. Mama akatazama huku na huku, akachungulia hata nyuma ya mlango.

"Sista, hii watu yako mingi iko wapi?"

"Hakuna, mama. Niko peke yangu."

Mama alikunja uso. Nilikuwa nikiujua uso ule tangu utotoni, nikaanza kurudi nyuma polepole.

"Kumbe ulinidanganya," alisema. "Mimi nimelala kwa kitanda mpaka mvua ikaisha, sababu ya uongo yako."

"Nilikudanganya," sista akajibu. "Na sasa umekuja kunigombeza na miguu yako mwenyewe."

Mama aliinamisha kichwa akautazama mguu mmoja, kisha wa pili. Akacheka mpaka ikabidi akae kwenye kile kiti kimoja, na machozi yakimtoka. Alipopata pumzi aliniagiza niende kwa majirani nikaazime vikombe vitatu, niwaambie watu wa sista wamefika.