Maziwa ya Mlimani

Nilipomwambia mke wangu kwamba mimi na mwalimu tunakwenda kuona maziwa juu ya Mlima Elgon, aliuliza, "Ng'ombe wa nani hao?" Nikamweleza kuwa ni maziwa ya maji, yale niliyoyaona kwenye ramani kama matone mawili ya buluu ndani ya bonde. Akasema maji yapo hata kwenye mfereji wa Eldoret, na afadhali nimwendee mwalimu nyumbani nimuulize kwa mdomo kama atatia sahihi au hatatia.

Alikuwa na haki. Miaka ile baada ya uhuru wazungu walikuwa wakiuza mashamba, na mmoja wa upande wa Ainabkoi alikubali kutuuzia lake, lakini zima, bila kuligawa. Mimi peke yangu sikuliweza. Mwalimu, mwenyeji wa huko na rafiki yangu tangu aanze kuniazima vitabu, hakuliweza peke yake pia. Nilikuwa karani wa kiwanda cha mbao, mtu wa darasa la nne na mengine niliyojisomea. Nilichora ramani ya shamba, nikaligawa nusu kwa nusu kwa rula, nikampelekea ili atie sahihi tulinunue pamoja.

Aliitazama kwa muda mrefu. "Nzuri sana, Karani. Nitakujibu."

Majuma matatu yakapita. Badala ya jibu, akaniambia shule zikifungwa twende mlimani. Bila sahihi yake, mimi na mke wangu na watoto tungebaki katika chumba kimoja cha kupanga, na shamba lingekwenda kwa wengine.

Tulipanda basi hadi Kitale, kisha lori la mbao hadi ukingo wa msitu. Nilibeba shanta iliyoachwa na meneja wa zamani wa kiwanda. Mwalimu alitupia blanketi na turubai begani, na mkononi akashika kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Wanawake waliotoka kukata kuni walinicheka, kwa sababu kwao, kama kwetu, mzigo wa mgongoni ni wa mwanamke.

"Baba, umeolewa wapi?" mmoja akauliza.

"Bado tunajadili mahari, Mama," mwalimu akajibu kwa niaba yangu.

Siku ya pili mianzi iliisha, miti ikaisha, tukaingia katika nchi ya nyasi za rangi ya kamba kuukuu. Kulikuwa na mimea mirefu kuliko mtu, yenye shina moja na kichwa cha majani kama kabichi, imesimama ndani ya ukungu kama watu waliokuja mkutanoni wakasahau ajenda. Hewa ilikuwa haba. Nilijiwekea utaratibu: hatua hamsini, kisha pumziko. Lakini hesabu ilinipotea, nikajikuta natembea bila nambari, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu. Sauti ya mwalimu ilinifikia kama inayotoka chumba cha pili.

Kisha ukungu ukafunguka. Bonde lilikuwa chini yetu, na maziwa mawili yamelala ndani yake, moja juu, jingine chini kidogo, yakiunganishwa na uzi wa maji. Hayakuwa ya buluu. La juu lilikuwa jeusi na la chini lilikuwa na rangi ya mawingu, na wingu lilipopita yalibadilishana rangi. Tulishuka tukakaa ufukoni. Saa ilikuwa mkononi mwangu na sikuitazama. Nakumbuka ndege mmoja mdogo aliyetembea kati ya miguu yetu kana kwamba hatujafika bado.

Njaa ndiyo iliyotuzindua. Nilikuwa nimepima kwa kikombe mahindi na maharagwe ya siku tatu. Maji yalichemka upesi ajabu, nikafurahi. Yakaendelea kuchemka hadi jua likazama, na maharagwe yakabaki kama kokoto. Tukalala na mursik peke yake tumboni. Asubuhi umande ulikuwa barafu. Tukachemsha tena.

"Maji haya ni ya uongo," mwalimu akasema. "Yanapiga kelele na hayana moto."

Nikamweleza: juu sana hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajawa moto wa kutosha.

"Umeyajua hapa?"

"Niliyasoma zamani."

"Uliyasoma. Na bado ukabeba maharagwe?"

Nikachochea moto. Akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akatazama ziwa.

"Karani, hivyo ndivyo ulivyolichora shamba letu."

Nilimwambia nusu zote mbili ni sawa, ekari kwa ekari, na ile ya juu, yenye barabara na iliyo karibu na shule, nilimpa yeye kwa heshima.

"Najua. Ndiyo maana nilishindwa kukujibu. Lakini mto wote uko chini, kwako. Ng'ombe hawanywi barabara."

Nilihisi uso unawaka katika baridi ile. Mto nilikuwa nimeuchora kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino wa buluu, na kila kona yake.

Akaokota kijiti, akachora shamba kwenye mchanga mweusi, akapitisha mstari kutoka juu hadi mtoni. "Kwetu kila ukoo una kipande chake, kuanzia kileleni hadi bondeni. Kila mmoja anafika majini."

"Kwetu pia," nikasema polepole. "Kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Baba yangu aliishi hivyo." Nilikuwa nimeuacha mtindo huo kwa sababu kitabu kilisema vipande virefu vyembamba vinasumbua trekta.

"Una trekta?"

"Sina."

"Basi lete karatasi nitie sahihi."

Karatasi ilikuwa nyumbani. Tukamwaga maharagwe, tukafuata kijito kilichotoka ziwa la chini, yeye ukingo mmoja na mimi mwingine. Kadiri tulivyoshuka maji yaliongezeka, ikabidi tuongee kwa sauti kubwa zaidi.

"Utachukua kulia au kushoto?" akapaza sauti.

Nikamwambia achague yeye. Alilifikiria jambo hilo kwa makini, akitazama ukingo wake na wangu kwa zamu, mpaka tukaingia msituni.