Kilichoongezeka Nyumbani kwa Mzee Tochi

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima. Kwa kuwa hakuingia nyumba ya mtu bila tochi mkononi, hata jua likiwa la utosini, wenzake wa kazini walimpachika jina la Mzee Tochi, na jina hilo likamfuata hadi mtaani. Alimulika chini ya vitanda, nyuma ya makabati, ndani ya mapipa ya maji. Mtu akilalamika kwamba ameibiwa redio, Mzee Tochi alimpa pole kwa sauti ya upole kabisa, kisha akaomba aonyeshwe mahali redio ilipokuwa, akapitisha kidole juu ya meza. Ikiwa vumbi limelala sawasawa meza nzima, basi redio haikuwahi kukaa pale.

Hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Ni kwamba alikuwa ameona mengi. Aliwahi kushughulikia dai la mke na mume walioibiwa makochi yao yote. Siku chache baadaye akaenda kukagua nyumba ya mama mkwe wa mume huyo, iliyovuja paa, akakaribishwa kuketi juu ya makochi hayohayo. Mambo ya aina hiyo yalimzoeza kumsikiliza mtu huku akimtazama mikono. Hata mimi, niliyekuwa nikimwazima gazeti kila Jumapili, nilikuwa nikijikuta nimeficha mikono mfukoni bila kosa lolote.

Vijana walioajiriwa kazini kwake aliwafundisha jambo moja kabla ya mengine yote. Aliwaambia: "Mwenye nyumba atakuonyesha kilichopungua. Hiyo ni kazi yake, na ataifanya vizuri. Wewe uliza kilichoongezeka." Mwizi, kwa maelezo yake, huja na vitu: gunia, jiwe, kipande cha chuma. Akishapata alichokitaka, huviacha, kwa sababu mikono imejaa.

Siku aliyoibiwa yeye mwenyewe, alikuwa amekwenda na mkewe hospitalini kumtazama binti yao aliyejifungua. Nyumbani hapakuwa na mtu. Mdogo wa mkewe, kijana fundi wa magari aliyekuwa akiishi nao katika chumba cha uani, alikuwa ameondoka asubuhi kwenda gereji. Jioni waliporejea, wakicheka juu ya mtoto aliyezaliwa na nywele kama za babu yake kabla hazijamkimbia, waliikuta televisheni haipo, cherehani haipo, kompyuta haipo, na sanduku la nguo za mtoto, ambazo mkewe alizishona kwa miezi, nalo halipo.

Mlango ulikuwa umefungwa kama walivyouacha. Mwizi aliingia na kutoka kwa dirisha la chumba chao cha kulala, na hapo ndipo ilipoanzia shida.

Miaka iliyopita Mzee Tochi alikagua nyumba iliyoungua, ambamo wazee wawili walifia ndani kwa sababu nondo za madirisha ziliwazuia kutoka. Aliporudi kwake alimwita fundi akate nondo za dirisha la chumbani na kuzitengeneza kama kilango kidogo chenye kufuli. Ufunguo aliutundika kwenye msumari ukutani, hatua moja tu kutoka dirishani, ili mtu aliyezungukwa na moshi aupate hata kwa kupapasa. Pazia zito la zambarau liliufunika. Aliyesimama nje hakuweza kuuona.

Sasa kufuli lilikutwa limefunguliwa, ufunguo ukiwa ndani yake, bila mkwaruzo hata mmoja. Mzee Tochi aliinama akamulika kwa muda mrefu. Alipoinuka, mkewe aliujua uso ule. Ulikuwa uso wa kazini.

"Nani anayejua ufunguo ulipo?" aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Na nani mwingine?"

Mkewe aliutazama msumari. Ni yeye aliyemwonyesha mdogo wake msumari ule, siku alipohamia, kwa usalama wake.

Kesho yake Mzee Tochi hakwenda kazini. Alipita gereji. Jioni, wakiwa mezani, aliweka kijiko chini.

"Shemeji, jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Mpaka saa ngapi?"

"Kwani leo tunakula au tunajaza fomu?" kijana alisema, akacheka. Alipoona amecheka peke yake, akachukua mkate.

"Bosi wako anasema uliaga kabla ya chakula cha mchana. Ukasema unaumwa."

Mkewe aligeuka. "Umekwenda gereji kumpeleleza mdogo wangu?"

"Nilipita tu."

"Gereji ile iko mwisho wa mji, baba watoto. Baada yake kuna makaburi. Ulikuwa unapita kwenda wapi?"

Mzee Tochi aliendelea kumtazama kijana, au tuseme mikono yake, iliyokuwa imeanza kuuvunjavunja mkate bila kuula. "Na sanduku lako la spana lilikuwa palepale ukumbini. Halikuguswa. Wametuibia hata kofia za mtoto, spana zako wakaziheshimu."

"Lile sanduku halibebeki na mtu mmoja, shemeji. Wewe mwenyewe ulilijaribu, ukalala na dawa ya mgongo."

"Ulikuwa wapi?"

Kijana alimtazama dada yake, kisha sahani. "Kuna mambo yangu. Nitawaambia siku yake."

"Siku yake ni leo."

"Basi leo siwaambii."

Asubuhi kijana alikodi mkokoteni, akapakia godoro na sanduku la spana, akaondoka. Dada yake alimfuata hadi barabarani akiwa na khanga ya kulalia, akimwita. Hakugeuka.

Kuanzia hapo nyumba ile ilikuwa kimya kiasi kwamba nilipokuwa upande wangu wa ukuta nilisikia vijiko vyao. Mzee Tochi alikwisha kupeleka dai kazini, na alijua ataulizwa kama kuna mkazi wa nyumba anayeshukiwa. Akimtaja shemeji yake, bima hailipi, kwa kuwa haigharamii wizi wa mtu wa ndani, na jina la kijana litapelekwa polisi. Mkewe alimsihi aseme hajui.

"Siwezi kusema sijui wakati najua."

"Unajua au unadhani?"

"Kazi yangu ni kujua tofauti."

"Basi ifanye," mkewe alimjibu, akatoka kwenda kufua. Siku hizo alifua sana, hata vilivyokuwa safi.

Mkaguzi aliyeletwa alikuwa binti mmoja kati ya wale aliowafundisha mwenyewe. Alifika na tochi yake, akiwa na haya kama mtu aliyetumwa kumpima mwalimu wake shati. Alikagua ukumbi, akakagua chumba, akainamia kufuli. Mzee Tochi alimfuata nyuma akiwa amefunga mikono mgongoni.

"Mzee, ufunguo ulikuwa unakaa wapi?"

Akamwonyesha msumari. Binti alisita. Wote wawili walikijua kipengele cha mkataba kinachosema ufunguo usiachwe karibu na dirisha. Mzee Tochi alikuwa amewanyima watu wengi malipo kwa kipengele hichohicho.

"Nikiandika kwamba ulikuwa kwenye droo?" binti alisema polepole.

"Andika ulipokuwa."

"Na kuna mkazi wa nyumba mnayemshuku?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo zilizokamuliwa. Mzee Tochi alilitazama beseni. "Maliza kwanza uani," akasema. "Nitakujibu ukimaliza."

Uani palikuwa na shuka zimeanikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Binti aliinama kupita chini yake, akaegemea kidogo mwanzi mrefu ulioshikilia kamba katikati, na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri, akauliza swali aliloambiwa aulize kila mahali.

"Mama, tangu siku ile, kuna kitu chochote hapa ambacho hakikuwapo?"

"Kiongezeke nini? Wamechukua, hawakuleta." Mkewe aliinua beseni, kisha sauti yake ikabadilika. "Labda huo mwanzi. Lakini huo ni wa mdogo wangu. Nilimwomba muda mrefu aniletee kitu cha kuinulia kamba, mashuka yalikuwa yanaburuta chini. Asubuhi ya pili baada ya wizi nikaukuta umelala nyuma ya tangi. Alinikatia kimyakimya, siku ileile aliyohojiwa kama mwizi. Sijapata hata nafasi ya kumwambia ahsante."

Mzee Tochi alikuwa akiinama chini ya kamba ile kila asubuhi akienda kuoga. Suruali yake ilikuwa imening'inia pale wakati huo. Alisogea, akawasha tochi ingawa jua lilikuwa kali, akamulika ncha ya juu ya mwanzi. Palikuwa na waya uliokunjwa kama ndoano, umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mkewe alidhani ni ufundi wa ndugu yake ili kamba isiteleze. Kwenye waya palikuwa na nyuzi chache za zambarau.

"Shusha nguo," alimwambia mkewe.

Binti aliuchukua mwanzi, akaenda nje ya dirisha la chumba. Lilikuwa dirisha la vioo vyembamba vinavyopangana, ambavyo huachwa wazi wakati wa joto na huchomoka kwa mkono. Aliupenyeza katikati ya vioo, akasukuma pazia, akapapasa ukutani. Ndani, Mzee Tochi na mkewe walisimama wakiitazama ndoano ikitangatanga kama kidole cha kipofu. Mara ya tatu iliunasa ufunguo, ikaunyanyua kutoka kwenye msumari, ikautoa nje.

"Mwizi hakuhitaji kujua ulipo," binti alisema kutoka nje. "Yeyote anayewinda funguo hupapasa karibu na kufuli."

Mkewe alikaa kitandani. Hakulia. Alisema tu: "Wewe ndiye uliyewafundisha swali hilo."

Bima haikulipa, kwa sababu ya msumari. Mzee Tochi hakukata rufaa. Aliposaini barua ya kukataliwa alisema imeandikwa vizuri.

Siku iliyofuata alipanda basi hadi mwisho wa mji. Shemeji yake alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ikionekana.

"Shemeji," Mzee Tochi aliita.

Miguu ilitulia. "Umepita tu?"

"Hapana. Nimekuja."

Kijana alijisukuma nje, uso umejaa oili, akamsikiliza bila kuinuka: mwanzi, ndoano, nyuzi za zambarau. Mzee Tochi alieleza yote kwa mpangilio, kama ripoti, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Mwishoni akasema, "Nilikukosea," na neno hilo lilitoka likiwa limenyooka, peke yake, bila ripoti.

"Siku ile nilikwenda kuangalia chumba cha kupanga," kijana alisema. "Nilitaka nikipata niwaite mje mkione. Dada alishasema atanishonea mapazia siku nitakayopata kwangu. Nilitaka iwe kitu cha kufurahia." Alijifuta mikono. "Nikaishia kuhamia kama mtoro, na cherehani yenyewe haipo."

"Rudi nyumbani."

"Chumba nimeshalipia. Nitakuja kula."

Alikuja, na bado huja, kila Jumapili. Chumba chake kina mapazia sasa. Dada yake aliyashona kwa mkono, na mishono inakwenda upande. Msumari wa ufunguo umehamishiwa nyuma ya mlango, na mwanzi umebaki uani bila ndoano yake, kwa kuwa mashuka bado yana urefu uleule.

Huongea, huchekeshana, humrusha juu mtoto, ambaye mama yake humleta siku hizo. Ila anapoaga, shemeji husimama mlangoni, huvuta mifuko yote miwili ya suruali ikaning'inia nje kama masikio ya mbuzi, na kuinua mikono.

"Kagua, shemeji, niende zangu."

Dada yake hucheka mpaka ajishike mbavu, na mtoto hucheka kwa sababu bibi anacheka. Mzee Tochi husimama mbele ya mifuko ile mitupu, na kila Jumapili huirudisha ndani kwa mikono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kumfungulia mlango.