Mgeni Aliyekuja na Sauti Yangu

Niliondoka Kitale kwa sababu niliamini kazi za nyumbani hazihitaji sauti. Nilikuwa na shahada ya ualimu na koo lililopasuliwa miezi mitatu kabla. Tangu nikiwa na miaka kumi na minne, kwa ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, nilizungumza kama mwanamume. Kwaya ya kanisa ilinipanga na wavulana wa besi, na kila aliyenipigia simu aliniita kaka. Shangazi yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenipeleka India, na huko daktari akazishona nyuzi za sauti zikawa fupi. Nikatoka na sauti ya kike kweli, lakini nyembamba, isiyofika dawati la pili. Nguvu zingerudi polepole, alisema, pengine baada ya mwaka. Nisinong'one, nisipige kelele, nisikohoe ili kusafisha koo, na kila siku nipulize mrija ndani ya glasi ya maji huku nikivuta sauti, "uuu", kutoka juu kwenda chini. Shule haiwezi kumsubiri mwalimu mwaka mzima. Miaka ile mawakala wa kazi za Saudia walikuwa wamejaa Nairobi, nami nikatia sahihi.

Uwanja wa ndege wa Riyadh tulifika asubuhi, wanawake kama thelathini, tukakalishwa chumba kimoja kungoja makafili, yaani waajiri waliotudhamini. Afisa aliita majina. Aliposema Nekesa niliitika, naye akatazama juu ya kichwa changu. Akaita tena. Mara ya tatu niliitika kwa nguvu zote, na kilichotoka ni pumzi tu. Dada mmoja aliyekaa karibu nami akainua mkono wangu kama wa mtoto, akamwambia afisa, "Huyu hapa, ni bubu." Wenzangu walicheka. Mimi nilianza kujiuliza kama bubu hurudishwa kwao, na kama hurudishwa, nani hulipa nauli, na mama angesemaje.

Nyumba ilikuwa kaskazini ya jiji, ya ghorofa mbili, madirisha yake yamezibwa kwa mapazia mazito. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mama mzazi wa bosi, bibi kipofu aliyeitwa na wote Ummi. Mpishi alikuwa Mwanaisha, Mkenya wa Malindi, aliyekuwa na mwaka wa nne pale. Alinipokea jikoni akaniangalia juu mpaka chini. Kwetu Malindi, aliniambia, mtu mwembamba hivi hupewa kwanza uji, kazi baadaye. Nilimweleza habari za koo langu siku ileile, kwa sababu siri ikikaa kwangu huninyima usingizi. Alisikiliza akikuna nazi, kisha akasema hajaona ajabu: babu yake alikuwa na sauti ya mwanamke na alizaa watoto tisa.

Baada ya chakula cha mchana nyumba nzima hulala mpaka alasiri. Huo ndio wakati niliojifungia bafuni, jirani na chumba cha Ummi, na glasi yangu na mrija. Hewa ya Riyadh ni kavu, na ya mashine za baridi ni kavu zaidi. Koo langu lilichoka mapema. Likichoka, sauti ilipasuka ikawa mbili kwa pamoja, moja juu, moja chini. Ile ya chini niliifahamu.

Wiki ya tatu, alasiri, niliingia na kahawa nikamkuta Ummi amekaa kitandani, amejifunika ushungi mpaka usoni. Hakuwa akijifunika mbele yangu. Nikamwuliza, kwa Kiarabu kidogo alichonifundisha Mwanaisha, kama anahisi baridi. Akajibu kwa upole wa mtu anayesikilizwa na mgeni, "Mwambie akae, asisimame mlangoni."

Nilimwuliza nani. Alisema yule bwana ninayekuja naye kila alasiri, yule anayevuta shisha bafuni.

Ningecheka, kwa kuwa nilielewa mara moja: viputo vya glasi yangu na mguno wangu. Lakini alikuwa ameelekeza uso nyuma ya bega langu la kushoto, kama vipofu wanavyoelekea penye mtu, na nilipogeuka niligeuka kwa kuogopa. Sikumwambia kitu. Hilo ndilo kosa langu. Nilifikiri kwamba nikisema nilikuwa na sauti ya kiume, watauliza nini kingine changu ni cha kiume, na nani atamwacha mtu wa namna hiyo alale na mama yao chumba kimoja. Basi nikanyamaza, na alasiri iliyofuata Ummi akajifunika tena, na iliyofuata. Alianza kumsalimia. Baada ya kila swali alisikiliza, kisha akaitikia kwa kichwa.

Madam, mke wa bosi, alimkuta hivyo siku moja. Mwanamume katika chumba cha wanawake si jambo dogo pale. Bosi aliangalia picha za kamera ya lango za mwezi mzima, madam akafungua kila kabati. Hawakuona mtu. Ningedhani hilo lingetuliza mambo, lakini liliyazidisha, kwa sababu mtu asiyeonekana na kamera ana jina lingine. Walipekua begi langu wakatoa mirija kumi na miwili niliyoifunga kwa uzi. Karatasi ya hospitali, yenye mchoro wa koo na mhuri, hawakuiona. Nilikuwa nimeifunga kiunoni kwa kuogopa isije ikasomwa. Jioni Mwanaisha aliniambia alichosikia: wanasema nimeleta jini. Familia inakwenda Jeddah kwa likizo, na huko ataitwa msomaji wa Kurani anisomee; akisema ni uchawi, napelekwa polisi.

"Waambie, mdogo wangu," alisema. "Hapa watu wamefungwa kwa hirizi iliyoandikwa na bibi zao. Sembuse wewe na furushi la mirija."

Safari ya Jeddah tulianza alfajiri kwa gari, bosi na madam mbele, Ummi na mimi kati, Mwanaisha nyuma na masanduku. Jangwa lilikuwa jeupe pande zote. Nilifumba mdomo kabisa, maana niliogopa hata kupiga chafya. Hata hivyo Ummi alisafiri amefunika uso. Alikuwa na mwanawe, mkwewe na sisi wawili, hakuna wa kujifunikia, na bado akausogeza mwili wake dirishani, akaacha nafasi kati yangu naye, pana ya kutosha mtu. Nilimwona bosi akiitazama ile nafasi kwenye kioo. Baada ya Taif, barabara ilipoanza kuteremka mlima na nyani wamekaa kwenye kingo, Ummi aliuliza kama bwana yule huogopa kona. Bosi alisimamisha gari. Alishuka, akasimama upepo ukimpiga kanzu, kisha akarudi akaendesha.

Jeddah ilitupokea kwa jasho. Hewa ni nzito, yenye chumvi, na kabla ya siku mbili kupita nilisikia koo likilainika, kama ngozi iliyopakwa mafuta. Ningefurahi, lakini msomaji alikuwa anakuja kesho yake.

Alasiri ile niliingia kwa Ummi bila kahawa. Alijifunika. Nilipiga magoti mbele yake. Nilikuwa nimetunga maneno mengi, na yote yakanipotea.

"Ummi, huyo mwanamume ni mimi."

"Wewe ni msichana. Nimeshika mikono yako."

Nikauchukua mkono wake nikauweka kooni pangu. Nilivuta sauti kutoka juu, nikashuka taratibu kama nilivyofundishwa, mpaka ikapasuka na ile nyingine ikatoka chini yake. Vidole vyake viliruka kama vimegusa birika la moto. Kisha vikarudi, vikatafuta lile kovu ambalo halipo, kwa sababu madaktari walipitia mdomoni.

"Anakaa humu?"

"Alikuwa anakaa. Daktari amemfungia."

"Na humwonei huruma?"

Alivuta ushungi nyuma. Uso wake ulikuwa mtulivu, wenye aibu kidogo, kama wa mtu aliyemtazama mgeni bila ruhusa. Akamwita mkwewe.

Mbele ya madam nilifungua kiuno nikatoa karatasi, imelowa jasho. Aliisoma yote, kwa kuwa anajua Kiingereza. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ya kwanza. Nilimwambia niliogopa. Akaikunja karatasi vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akasema, "Halas, yamekwisha," akaenda kumpigia simu msomaji asije.

Ijumaa hiyo Mwanaisha alituombea ruhusa tukaenda mtaa wa Ghulail, kwa shangazi yake anayeuza vitambaa. Vichochoro vile vimejaa Kiswahili, Kihausa, Kisomali. Mwanaisha alivuka barabara akasimama mbele ya duka la viatu, akanipa mgongo. Alitaka nimwite, nisipige kelele, niite tu. Niliita. Aligeuka, na mwuza viatu akageuka, na wanawake wawili wenye mabeseni. Akarudi akisema sasa naweza kugombana na mume.

Riyadh tuliporudi nilifanya mazoezi jikoni, mlango wazi. Miezi ikapita. Sauti ikasimama, ikawa moja. Ummi alizoea kuuliza kila alasiri kama amekuja, nami nikijibu hajaja. Siku zingine alikuwa na huzuni ambayo sikujua niipokee vipi. Mkataba wa miaka miwili ulipokwisha niliondoka kupitia Jeddah. Familia ilikuwa huko kwa likizo nyingine. Ummi aliniwekea vidole kooni kwa muda mrefu, kisha akaniruhusu niende.

Nimerudi Kitale na ninafundisha. Kwa wanaouliza, nguvu za sauti hazikuongezeka kule bafuni. Zilianza kurudi siku niliyoacha kuifunga ile karatasi kiunoni. Nilijifunza pia kwamba nilichokwenda kukizika India, mtu mmoja alikikaribisha ndani na kukipa nafasi ya kukaa, bila kuuliza kilitoka wapi.

Mwezi uliopita, mchana, madam alipiga simu. Hali ya Ummi si nzuri, alisema, na anataka kuzungumza na yule bwana, mara moja tu. Nikamwambia nitajaribu. Nilivuta pumzi nikatafuta chini, nikashuka, nikashuka tena. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nikijipanga kumwambia hivyo niliposikia Ummi akisalimia. Akasikiliza. Akacheka kidogo.

"Kumbe kwenu mvua imeanza," alisema.

Nilitazama dirishani. Ilikuwa imeanza, rasharasha isiyo na sauti yoyote juu ya bati. Tangu Ummi ashike simu, mdomo wangu nilikuwa bado sijaufungua.