Jicho la Mama Mkwe na Maji ya Samaki

Mama mkwe wangu alikuja Tabora kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mke wangu anafundisha shule ya msingi Goweko na hurudi nyumbani Ijumaa tu, kwa hiyo siku za kazi tulibaki wawili, mimi na yeye. Jambo hilo lilinikosesha raha kuliko ninavyoweza kumweleza mtu asiyekulia kwetu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Watu wa mjini wamelegeza. Yeye alitoka ndani huko Sikonge, ambako watu bado wanarina asali na kukausha tumbaku, na kwake hakuna kilicholegezwa. Nikipita sebuleni alivuta kanga mbele ya uso. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," aliitikia, "Marahaba baba," akitazama sakafu. Jirani yetu, mama mmoja mkarimu, alikuja mchana kumpikia. Mimi nilikaa barazani kwenye cherehani yangu, nikishona sare za shule, nikiona haya hata kuingia ndani kunywa maji.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji salama. Alipofunguliwa bandeji na kurudishwa nyumbani, kitu cha kwanza kilichomsimamisha ni tangi langu la samaki.

Tangi hilo lilikuwa bado jipya. Nilikuwa nimeona kubwa kwenye nyumba moja ya wageni nilikokwenda kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, nikavutiwa nalo, nikamwomba fundi wa vioo aniundie dogo. Likakaa juu ya meza sebuleni, na changarawe chini, na filta ndogo ya kuchuja maji iliyonguruma pembeni. Ndani nilikuwa na samaki wachache tu wa rangi ya dhahabu, walioletwa kwa basi kutoka Mwanza kwenye mfuko wa plastiki uliojazwa hewa.

Mama mkwe aliinama, akasogeza uso karibu kabisa na kioo. Kisha akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Huyu mkia wake kama kanga iliyochanika," alisema. Akasubiri. "Na huyu mnene ana doa jeusi mgongoni. Lipo, au nakosea?"

"Lipo, mama," nilijibu kutoka mlangoni.

"Basi naona."

Tangu siku hiyo alivuta kigoda chake karibu na tangi kila asubuhi. Alitaja alichokiona, nami nilijibu kutoka barazani kupitia dirishani bila kugeuza kichwa. Yalikuwa ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza tangu nioe. Mtu anaweza kuzungumza na mama mkwe wake bila kumtazama, mradi wote wawili wanazungumzia samaki. Nilifurahi mno, na kwa furaha hiyo nikampigia muuzaji wa Mwanza nikamwagiza aongeze samaki. Aliniuliza tangi lina ukubwa gani. Nikamwambia linatosha. Walipofika nikawamimina wote, na mama mkwe akapiga makofi kwa mshangao. Akaanza kuwapa chakula mwenyewe: chembe nilizozinunua, kisha makombo ya mkate, kisha ugali aliouvingirisha kwa vidole ukawa vidonge vidogo. Niliona vidonge vikizama na kuvimba kati ya changarawe. Ningemwambiaje aache?

Haukupita muda harufu ikaanza. Maji yakapata ukungu. Nikaamua kusafisha jinsi ninavyosafisha kila kitu: nikamwaga maji yote, nikasugua changarawe, nikasugua sponji ya filta chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe, nikajaza maji mapya ya bomba, nikawarudisha samaki. Jioni maji yalimetameta. Kesho yake yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na samaki wote wamepanda juu, midomo nje, wakimeza hewa. Mmoja alielea ubavu. Nilimtoa haraka nikamfunga kwenye kipande cha kitambaa kabla mama mkwe hajatoka chumbani.

Muuzaji alinisikiliza kwenye simu mpaka mwisho.

"Uliosha sponji kwa maji ya bomba?"

"Ndiyo."

"Kwenye ile sponji kulikuwa na bakteria wazuri, ndio wanaokula uchafu. Hao umewaua. Halafu bwana, hao samaki uliowarundika wanajisaidia humo humo wanamovuta pumzi. Punguza samaki. Acha kuwapa chakula kwanza. Maji utoe kidogo, urudishe kidogo, kila siku. Na hayo maji mapya yalale kwenye ndoo iliyo wazi, dawa ya bomba itoke. Usimwage yote tena."

Nikapanga ndoo ukutani. Lakini kuhusu chakula sikupata ulimi. Nilificha kopo la chembe juu ya kabati, na yeye akaendelea na ugali wake. Siku hizo umeme nao ulikuwa ukikatika mchana, filta inanyamaza, na mimi barazani nasikia ukimya ule kuliko nilivyokuwa nikisikia kelele. Ninaacha nguo kwenye sindano, nakimbilia ndani na kikombe, nachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, mama mkwe amekaa pale pale hasemi neno.

Na kweli alikuwa amenyamaza. Mikia na madoa havikutajwa tena. Kigoda kilisogea kutoka kwenye tangi mpaka kona yenye giza, upande wa pazia. Nilidhani amekasirika kwa sababu ameona nimeficha chakula. Nikazidi kumkwepa.

Kisha asubuhi moja alisimama nyuma ya mlango wa baraza, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Baba, basi la Sikonge linaondoka saa ngapi?"

Mguu uliganda kwenye cherehani. "Mama, bado kuna jicho la pili. Wamekupangia siku."

"La pili silitaki. Hili lenyewe limeharibika. Nirudi kwangu nikafe na lile lililobaki, angalau nalijua."

"Limeharibikaje?"

Alivuta kanga ikamfunika macho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayetaja jambo la aibu, "Samaki nawaona kama wako ndani ya uji."

Nilisimama. Nikageuka nikamtazama, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja tangu afike.

"Mama, hata mimi nawaona hivyo hivyo. Maji ndiyo mabaya. Samaki ni wengi mno, na chakula kimezidi, kimeoza chini. Siyo jicho lako."

Alinyanyua kanga kidogo. "Unasema kweli, au unanibembeleza nisiondoke?"

"Kweli kabisa."

Nilimweleza yote niliyoambiwa, maneno yakinitoka mengi kuliko nilivyozoea, hata la ugali nikalisema. Alishusha pumzi. Kuku uani na mlango na watu, alisema, alikuwa akivikisia hata kabla ya upasuaji, kwa hiyo hakuviamini. Samaki ndio aliokuwa akipimia jicho lake. Kisha akacheka kile kicheko chake. "Kumbe maji ndiyo yenye mtoto wa jicho!"

Siku hiyo hiyo nilizungumza na mwenye nyumba ya wageni, maana uani kwake kuna bwawa dogo la saruji, akakubali kuwachukua wengi wao. Niliwasafirisha kwa ndoo kwenye bajaji, nikiwa nimefunika mdomo wa ndoo kwa viganja. Waliobaki sikuwapa kitu. Kila siku nilitoa maji kidogo na kurudisha yaliyolala. Sponji niliisuuza ndani ya maji ya tangi yenyewe na kuiacha na rangi yake ya kahawia. Ukungu ulipungua polepole sana, ukarudi, ukapungua tena. Samaki mmoja zaidi alikufa, yule mnene. Kisha asubuhi moja niliamka nikaona ukuta wa nyuma kupitia tangi, nikaona hata ufa wa plasta.

Nilimwita kwa furaha. "Mama! Njoo uone!"

Alitoka taratibu, mkono ukipapasa ukuta. Akainama mbele ya kioo. Samaki mwekundu alipita mbele ya pua yake. Akakaa hivyo muda mrefu, uso umegandamana na kioo, na mimi nikangoja aseme.

"Yametakata?" aliuliza.

Mwanga wa dirisha ulikuwa umemwangukia usoni na kanga imerudi nyuma, na ndipo nilipoliona jicho. Lilikuwa jekundu, linatoka machozi, na kope alizibana kana kwamba mwanga unamchoma.

"Mama, linauma?"

"Kidogo."

"Dawa ya matone unaweka?"

Aligeukia tena tangi. Siku zote alikuwa amekataa mtu kumsaidia. *Naweza mwenyewe*, alimwambia mke wangu, naye alimwamini.

"Mama."

"Kila nikiiweka, samaki walizidi kuwa na ukungu," alisema. "Nikajua dawa ndiyo inayoniharibia. Nikaacha."

"Lini?"

"Maji yalipoanza."

"Mbona siku ile nilipokwambia kuwa ni maji hukuanza tena?"

"Nilijisemea jicho ni zima, sasa dawa ya nini?"

Nilifunga cherehani bila kukata uzi. Sikumbuki kama nilifunga mlango. Kwenye bajaji alikaa amejifunika kichwa chote, na kila tulipopita shimo alishika magoti yake na kutoa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nikimwona mke wangu akiniuliza, *Ulikuwa naye nyumbani, ulikuwa unaangalia nini?* Nami jibu nililokuwa nalo ni moja tu: samaki.

Daktari alimwegemeza kidevu kwenye kile chombo chenye taa, akatazama, akatazama tena. Nilisimama ukutani nikisoma uso wake. Ndani ya jicho mmevimba, alisema mwishowe. Dawa ile haikuwa ya kuacha katikati. Sasa iwekwe kila saa, kutwa nzima, bila kuruka, na kesho asubuhi aletwe tena.

"Litapona?" niliuliza.

"Mngechelewa zaidi nisingekujibu. Sasa nawaambia wekeni dawa, kesho tutaona."

Nje nilimpigia mke wangu. Alilia, kisha akajituliza. Mvua ilikuwa imenyesha Goweko, gari la siku hiyo limeshaondoka, asingeweza kufika kabla ya kesho. Jirani yetu alikuwa amekwenda msibani Ulyankulu.

"Mama hawezi kujiwekea," nilimwambia. "Jicho linajifunga."

"Weka wewe."

"Mimi?"

"Una mikono, huna?"

"Mke wangu, yule ni mama mkwe."

"Mama yangu anapoteza jicho, na wewe unanitajia ukwe?"

Nilipokata simu, mama mkwe alikuwa amesimama pembeni yangu. Alikuwa amesikia.

Nyumbani nilitandika jamvi, nikaweka mto. Alilala chali, kanga ameishika kwa mikono yote miwili chini ya kidevu kama mtoto anayeogopa baridi. Nilipiga magoti. Nilinawa mikono mara mbili, nikaifuta, nikainawa tena, maana sikujua nianzie wapi. Uso wake ulikuwa mbele yangu, wazi, na mikunjo yake yote, na chale mbili ndogo shavuni ambazo sikuwahi kujua kwamba anazo.

"Samahani, mama," nilisema.

"Fanya, baba."

Niliweka kidole chini ya jicho nikavuta ngozi. Ilikuwa laini na ya moto. Jicho likajibana. Tone likaanguka kwenye kope, likateleza mpaka sikioni. Nikajaribu tena, na tena likapotea. Chupa ilikuwa ndogo, na niliwaza: nikiimaliza kwa kumwogesha masikio, je?

"Mkono wako unanishika kama unagusa chungu cha moto," alisema. "Shika vizuri. Mimi siyo yai."

Nikaegemeza kiganja kwenye paji lake, chote, kwa uzito wake. Nikamwambia atazame juu, kwenye kona ya dari. Nikavuta. Tone likaingia. Alikunja uso, akauma meno, akasema "Gete," yaani barabara, kwa Kinyamwezi, na nadhani alikuwa akijisemea mwenyewe.

Tuliendelea hivyo mpaka jioni. Katikati nilirudi barazani, nikakaa mbele ya cherehani bila kushona, nikitazama saa ya simu. Mara ya tatu au ya nne hakunisubiri niombe samahani. Alikuwa ameshalala chali, ameliachia jicho.

Kesho yake daktari alisema uvimbe unaanza kushuka. Mke wangu alifika akiwa na matope mpaka magotini, akapokea chupa, nami nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Ilichukua wiki kadhaa. Jicho halikurudi safi kama ile siku ya kwanza. Pembeni, alisema, palibaki kama moshi kidogo. Lakini asubuhi moja nilipompelekea chai alinitazama usoni muda mrefu, bila kanga.

"Kumbe una mvi," alisema. "Binti yangu hakuniambia."

Jicho la pili lilicheleweshwa mpaka la kwanza lilipotulia. Tulikwenda wote watatu. Tuliporudi na bandeji ikafunguliwa, ilikuwa Jumamosi, na mke wangu alikuwepo. Alitandika jamvi, akachukua chupa ya dawa, akapiga magoti kando ya mama yake.

"Wewe ngoja," mama mkwe alisema, amefumba macho. "Mwite mwenzio."

Nikaenda kunawa mikono.